Infinitivu za Kiingereza hatua kwa hatua: wapi uweke "to", wapi uiache, wapi uende na -ing

Mtu ukimuuliza infinitivu ni nini anajibu fasta tu, ni "to" na kitenzi, to eat, to go, to sleep, imeisha hiyo. Na hajakosea, ila hapo ndo bado yuko mlangoni. Shida inaanza kwenye sentensi yenyewe, pale unataka kusema "nataka aje" unajikuta umeandika "I want he comes", au "alinifanya nilie" inatoka "he made me to cry", au ile iliyojaa kwenye barua za kuomba kazi, "I look forward to hear from you". Anayeandika hivyo wala sio mjinga, sheria alifundishwa tangu form one, ila kichwa kinafikiri kwa Kiswahili afu mkono unaandika Kiingereza. Sasa badala ya kukuambia "acha kufikiri kwa Kiswahili" (ushauri ambao haujawahi kumsaidia mtu), humu tutakitumia Kiswahili chenyewe, maana kuna sehemu kinakupa jibu bure kabisa na kuna sehemu kinakutega, na sehemu zenyewe zinajulikana.

Hatua ya 1: Jua kwanza kwanini inachanganya

Angalia sentensi hizi tatu. Nataka kuogelea. Naweza kuogelea. Nafurahia kuogelea. Kwetu ni "kuogelea" ileile, haibadiliki hata herufi moja. Sasa zipeleke kwenye Kiingereza: I want to swim, I can swim, I enjoy swimming. Umeona? Ku- yetu moja inatokea milango mitatu, kuna wa "to", kuna wa kitenzi kikavu bila kitu, na kuna wa -ing. Kwa hiyo kila ukitaka kutafsiri neno lenye ku- unakuwa njiapanda, na Kiswahili hakikuambii upite wapi kwa sababu chenyewe hakijawahi kuhitaji kutofautisha.

Kiingereza nacho zamani kilikuwa kama sisi. Kile Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, infinitivu ilikuwa neno moja lenye kimkia cha -an, kwa mfano "writan" ni kuandika, "drincan" ni kunywa. "To" ilikuwa kihusishi tu cha "kuelekea", ilikuwa inawekwa pale mtu anapoelekea kufanya kitu. Baadae ile mikia ikaliwa na matamshi ikapotea, "to" ikabaki ndo alama. Hili ukiliweka kichwani mambo mawili yatakuja kueleweka huko mbele: kwanini can na must hazitaki "to", na kwanini kuna "to" nyingine inayofanana kabisa na hii lakini sio yenyewe.

Hatua ya 2: Kamata kirai kizima, usikamate "to" peke yake

Kirai cha infinitivu ni ile "to" na kitenzi chake pamoja na mizigo yote kitenzi kilichobeba. Chukua hii: Last year Asha decided to open a small shop near the bus stand with her brother. Infinitivu ni "to open", lakini kirai kinaanzia hapo hadi neno la mwisho kabisa, brother, kwa sababu duka dogo ndo linalofunguliwa, karibu na stendi ndo linapofunguliwa, na kaka yake ndo anayefungua nae. Ukitaka kujua kirai kinaishia wapi, meza chote kwa neno "hivyo" la Kiswahili: mwaka jana Asha aliamua hivyo. Chochote kilichomezwa ndani ya "hivyo" ni sehemu ya kirai, kilichobaki nje ni sentensi kubwa. "Last year" imebaki nje kwa sababu inaongelea lini aliamua.

Kwenye kukamata huku kuna sheria moja isiyo na mjadala, kitenzi baada ya "to" kinakuwa uchi. Hakiongezewi -s, hakiongezewi -ed wala -ing. She wants to go, sio to goes. He tried to escape, sio to escaped. Muda unabebwa na kitenzi cha mbele, hiki cha nyuma hakijui kama ni jana au kesho. Na hapa Kiswahili kiko upande wako kabisa, maana wewe mwenyewe unasema "alitaka kuondoka", hujawahi kusema "alitaka kualiondoka". Basi fanya hivohivo.

Hatua ya 3: Uliza kirai kinafanya kazi gani

Vitabu vitakuambia kirai cha infinitivu kinafanya kazi kama nomino, kivumishi au kielezi. Sawa, ila kwa mtu anayeandika ni rahisi zaidi kukumbuka maswali matatu: nini? gani? ili iweje?

Kikijibu "nini" kimekuwa jina. Asha decided nini? To open a shop. Hata kikikaa mwanzo wa sentensi ni hivohivo, To raise children alone is tiring, yani kulea watoto peke yako kunachosha, na hiyo "kunachosha" ndo ngeli ya KU mliyosoma shuleni, ushahidi kwamba hata kwetu kitenzi kinakuwa jina kikakaa kwenye ngeli yake. Ila Waingereza wenyewe hawapendi sana kuanza na "to" kwenye maongezi, inasikika kama hotuba. Wanaweka "it" mbele afu kirai kinasukumwa nyuma: It is tiring to raise children alone. Na ukitaka kumtaja mtu unaweka "for": It is hard for me to wake up early. Ilinganishe na "ni vigumu kwangu kuamka mapema", ni neno kwa neno, it is ni "ni", hard ni "vigumu", for me ni "kwangu", to wake up ni "kuamka". Hii tafsiri tu bila woga.

Kikijibu "gani" kinaielezea nomino iliyo mbele yake, na hapa ndo napapenda kuliko kote kwa sababu sisi tuna kitu kinachofanana nacho, ile -a ku-. Kazi ya kufanya, work to do. Sababu ya kukataa, a reason to refuse. Nafasi ya kujaribu, a chance to try. Mtu wa kwanza kufika, the first person to arrive. Her plan to open a shop in Kariakoo worried her mother, mpango gani? Mpango wa kufungua duka Kariakoo. Kila unapoona "ya ku", "wa ku", "cha ku" baada ya nomino, wazo la kwanza liwe "to". Maji ya kunywa unaweza kusikia drinking water pia, ndio, maana hayo ni aina ya maji, lakini ukisema nipe maji ninywe sasa hivi, something to drink ndo yenyewe.

Afu kuna hii ambayo walimu wengi hawaigusi. Waingereza wanasema a chair to sit on, a pen to write with, a bucket to fetch water in, na mwanafunzi anajiuliza hivi hizo on na with na in zinafanya nini huko mwishoni, anazikata. Kumbe kwa Kiswahili unazisema kila siku: kiti cha kukalia, kalamu ya kuandikia, ndoo ya kuchotea maji. Ile -ia na -ea, kauli ya kutendea, ndo inayobeba kazi ya on na with na in. Hujawahi kusema "kiti cha kukaa" ukimaanisha cha kukalia, inasikika imekatika, na hivohivo "a chair to sit" kwa Mwingereza imekatika. Kwa hiyo ukisikia -ia kwenye Kiswahili chako, tafuta kihusishi ukibandike mwisho. Mtu wa kuongea naye, ile "naye" inakuwa to: someone to talk to. Mtego ni mmoja, kuna maneno ambayo Kiswahili hakikupi hiyo taarifa, kama nyumba ya kuishi, hapo hakuna -ia wala nini lakini Kiingereza bado kinadai, a house to live in. Hiyo na wenzake wachache itabidi uikariri.

Kikijibu "ili iweje" kimekuwa kielezi cha lengo. I went to the bank to withdraw money. Kupima, chomeka "in order" kabla ya "to", ikikubali basi ni lengo: I went to the bank in order to withdraw money, imekubali. Jaribu na "I want in order to eat", imekataa, hiyo sio lengo ni jina. Kosa kubwa hapa linatoka kwenye "kwa ajili ya". Mtu ana "nilienda mjini kwa ajili ya kununua viatu" kichwani, anaandika I went to town for buying shoes, au mbaya zaidi for to buy. Mtu akienda mahali au akifanya kitu kwa lengo, ni "to" peke yake: I went to town to buy shoes. For na -ing ipo ila inaelezea kifaa ni cha kazi gani, This knife is for cutting bread, kisu hiki ni cha kukatia mkate. Kifaa, sio safari ya mtu.

Kama anayefanya ni mtu mwingine au kitu kingine, kile kitu kinaingia katikati na "for": I opened the window for the smoke to get out, nilifungua dirisha moshi utoke.

Kwenye kielezi humohumo kuna too na enough. The bag is too heavy to carry, begi ni zito mno halibebeki. Wengi wanaongeza "it" mwishoni, too heavy to carry it, kwa sababu kwa Kiswahili tunasema "kulibeba" na ile -li- imekaa pale ndani inadai haki yake. Kwa Kiingereza begi limeshatajwa mwanzoni, halirudiwi. This water is safe to drink, inatosha, hakuna it. Enough yenyewe inakaa baada ya sifa, old enough to vote, sio enough old. Na tafadhali too sio "sana", ukimwambia dada wa watu you are too beautiful anasubiri umalizie, too beautiful to nini?

Kuna na "only to", nayo ni nzuri kwa kusimulia, She rushed to the Kigamboni ferry only to find that it had already left, alikimbia kuwahi pantoni, kufika anakuta limeshaondoka. Ile "kufika anakuta" yetu ndo hiyo hapo.

Hatua ya 4: Angalia kitenzi cha mbele, yeye ndo bosi

Kirai kikiwa kinajibu "nini" baada ya kitenzi, sio wewe unayechagua kati ya to na -ing, kitenzi kilichotangulia ndo kinachagua. Want, hope, decide, plan, promise, agree, refuse, offer, learn, manage, fail, expect, afford, pretend, hawa wote wanataka to. Enjoy, avoid, finish, mind, keep, admit, deny, miss, practise, consider, suggest, give up, hawa wanataka -ing na ukiwapa to wanakataa. I enjoy to dance ni kosa, I enjoy dancing. I finished to cook ni kosa, I finished cooking.

Kuna njia ya kubahatisha kwa akili. Vitenzi vingi vya to vinaangalia mbele, kitu bado hakijafanyika, unatumaini, unapanga, unaahidi, unakataa, na hii inaendana na ile "to" ya kale ya kuelekea. Vingi vya -ing vinashika kitu ambacho kipo tayari au kimeshafanyika, unakifurahia, umekimaliza, unakikiri, unakikumbuka kwa hamu. Itakusaidia mara nyingi ila usiiamini asilimia mia, maana suggest na consider nazo zinaangalia mbele na bado ni -ing. Kiingereza ndo kilivyo.

Start, begin, continue, love, hate zinachukua yoyote na maana haihami sana. Lakini hizi nne zichunge, ukibadilisha umesema kitu kingine kabisa.

Stop. He stopped smoking, ameacha sigara. He stopped to smoke, alikuwa anatembea akasimama avute. Mmoja anapongezwa, mwingine bado.

Remember. Remember to lock the door, kumbuka kufunga, bado hujafunga. I remember locking the door, nakumbuka nilifunga. Forget inaenda njia hiyohiyo.

Try. Try to open it, jitahidi kulifungua, huenda ni gumu. Try opening it, hebu jaribu kulifungua uone kama itasaidia, kulifungua kwenyewe sio shida.

Regret. I regret saying that, najuta kusema vile. We regret to inform you, hiyo ni ya barua rasmi, tunasikitika kukutaarifu, na ukiiona ujue kazi umekosa.

Hatua ya 5: Mtu akiingia katikati

Hapa ndo Kiswahili kinatega kuliko kote. Sisi tukimtaka mtu mwingine afanye kitu, ku- tunaiacha kabisa tunatumia "afanye". Nataka aje. Alituambia tusubiri. Mwalimu aliwaruhusu waondoke. Hakuna ku- hata moja humo, kwa hiyo hata akili haistuki kwamba Kiingereza kinataka infinitivu. Ndo zinapatikana I want he comes na I want that he comes.

Fomula ni kitenzi, mtu, afu to. I want him to come. He told us to wait. The teacher allowed them to leave. Na huyo mtu wa katikati anakuwa him, her, them, us, me, sio he wala she wala they, maana yeye anatakwa, sio yeye anayetaka. Wanaofuata njia hii ni wengi: want, ask, tell, advise, allow, encourage, expect, force, invite, order, persuade, remind, teach, warn, enable. Kwa hiyo ukikuta "-e" mwishoni mwa kitenzi chako cha Kiswahili, aje, waondoke, tusubiri, nikumbuke, simama kidogo uulize kitenzi cha mbele ni nani kati ya hao.

Suggest haimo. "Alinishauri niombe" ukiipeleka kwa suggest inakuwa he suggested that I apply, au suggested applying. He suggested me to apply haipo. Ukitaka mtu katikati tumia advise, he advised me to apply, na hiyo ndo rahisi.

Swali la "sijui nifanye nini" nalo linaingia hapa kwa sababu ya ile -e. I don't know what to do. Sijui niende wapi, I don't know where to go. Nifundishe jinsi ya kupika pilau, teach me how to cook pilau. Neno la swali, afu to, basi. Ila ukiuliza swali moja kwa moja huwezi kusema "How to cook pilau?" ukaweka alama ya kuuliza, hiyo ni kichwa cha habari, swali ni How do you cook pilau?

Hatua ya 6: Wapi "to" inaachwa

Can, could, will, would, shall, should, may, might, must, hizi zinachukua kitenzi kikavu. Zenyewe ni za tangu enzi za -an, zilikuwa zinachukua ile infinitivu ya neno moja, mkia ulivyokatika zikabaki na kitenzi kitupu na "to" hazikuwahi kuihitaji. I can swim. You must go. Lakini have to, ought to na used to zimekuja na to yao, hizo iache. Na nikiwa hapahapa, "I can be able to" ambayo inasikika sana Kenya na hata kwetu, ni kusema naweza mara mbili. Chagua moja, I can au I am able to.

Make na let ndo wenye kesi nyingi. He made me cry. Let me explain. Mtu katikati yupo, ila to hakuna. "The rain made us to be late" toa to, the rain made us late inatosha kabisa. Ajabu yake, make ukiigeuza iwe ya kufanywa, to inarudi: We were made to wait for three hours, tulisubirishwa masaa matatu. Let yenyewe haigeuzwi hivyo, unahamia allow, we were allowed to leave. Help iko katikati, help me carry this na help me to carry this zote sawa. See na hear nazo hazitaki, I saw him cross the road, nilimuona akivuka mpaka akamaliza.

Hatua ya 7: "To" feki

Kuna "to" ambayo sio ya infinitivu, ni kile kihusishi cha "kuelekea" hadi leo, na baada yake inakuja nomino au -ing. Look forward to, be used to, get used to, object to, be committed to, in addition to. Kuipima ni sekunde tu, weka nomino baada ya to. I look forward to the meeting, imekubali, basi ni kihusishi, kitenzi kikija kinavaa -ing: I look forward to meeting you. I want to the meeting, imekataa, basi ni infinitivu, kitenzi kinabaki uchi.

Hapa wanaoumia ni used to. I used to live in Tanga, zamani nilikuwa nakaa Tanga, sasa sikai. I am used to living in Tanga, nimezoea kukaa Tanga. Kijineno "am" tu kimebadilisha maisha ya mtu. Ukisema I am used to live in Tanga haijaeleweka upo au ulishahama.

Hatua ya 8: Vitu vidogo vya kumalizia

Kukanusha: not inakaa kabla ya to. I decided not to go. Sisi tunaichomeka ndani ya kitenzi, kutokwenda, wao wanaiweka nje mbele. He promised not to be late, aliahidi kutochelewa.

Kufanywa: to be na umbo la tatu la kitenzi. The form needs to be signed, fomu inatakiwa kusainiwa. Kilichokwisha kufanyika: to have na umbo la tatu, She seems to have forgotten, inaonekana amesahau.

Jibu fupi: mtu akikuuliza Do you want to come? unajibu I'd love to, na to inabaki inaning'inia peke yake, hairuhusiwi kukatwa.

Koma: kirai cha lengo kikianza sentensi kinafuatwa na koma, To pass the exam, you need to read. Kikiwa ndo kiima hakiwekewi, To pass the exam is my dream. Na angalia aliyebaki baada ya koma awe ndo mwenye lengo. To get the job, your CV must be short, hapo CV ndo inatafuta kazi. To get the job, you must keep your CV short.

Halafu lile zogo la kuchomeka neno kati ya to na kitenzi, to really understand, to fully recover. Henry Alford, aliyekuwa mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, alilipinga miaka ya 1860, na walimu wakashika katazo hilo kama amri. Leo waandishi wazuri wanachomeka tu pale sentensi inapotoka vizuri zaidi. Mimi ningekuambia kwenye mtihani na barua rasmi liepuke ikiwezekana kirahisi, kwingine usilipotezee usingizi.

Hatua ya 9: Jaribu kwenye barua

Hii barua nimeitunga mwenyewe nikaijaza makosa mengi tuliyoyaongelea, isome kwanza uyatafute kabla hujashuka chini:

Dear Sir, I am writing for applying the post of storekeeper. My former boss suggested me to apply. I am used to work under pressure and I can to use a computer. My last job made me to learn many things about stock. I hope to get a chance for proving myself. I want that you consider my application. I look forward to hear from you.

Twende. "For applying" ni lengo, kwanini naandika, kwa hiyo to, na apply yenyewe inataka for: I am writing to apply for the post of storekeeper. "Suggested me to apply" inakuwa advised me to apply. "Used to work", huyu anataka kusema amezoea na am ipo, kwa hiyo I am used to working under pressure, vinginevyo mwajiri anabaki anajiuliza sasa hivi presha imekushinda au? "Can to use", to itoke. "Made me to learn", to itoke pia, ingawa ingependeza zaidi my last job taught me a lot about stock. "Chance for proving" ni nafasi gani, nafasi ya kujithibitisha, -a ku- hiyo, a chance to prove myself, na "hope to get" iliyo mbele yake iko sawa iache. "I want that you consider" ukiifuata fomula ni I want you to consider, sarufi imetulia lakini kwa mtu unayemuomba kazi want ni kali, inasikika kama unamuagiza, weka I would like you to consider au I would be grateful if you would consider my application. Mwisho hear inakuwa hearing, na chini yake unaandika Yours faithfully kwa sababu ulianza na Dear Sir, kama ungeanza na jina lake ingekuwa Yours sincerely.